Nyimbo kwanza, picha baadaye: filamu za opera ya roki na hazina tuliyonayo Pwani

Fungua simu yako utazame video za nyimbo za vijana wetu wa Malindi, Watamu na Kilifi. Sauti ni nzuri, na siku hizi hata picha ni safi. Lakini kila wimbo umesimama peke yake kama mnazi ulioota katikati ya uwanja: msichana, gari la kukodi, ufuo uliopigwa picha kutoka angani, basi. Wimbo wa mwezi ujao hauna habari na wimbo wa mwezi huu. Ndiyo sababu leo nataka kueleza aina ya filamu ambayo wengi wetu hatujaizoea. Ni filamu inayozaliwa na albamu nzima, nyimbo zote zikibeba kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wenyewe Wazungu wanaiita opera ya roki.

Jina lisikutishe. Opera ni mchezo ambao wahusika hawasemi, wanaimba. Roki ni muziki wa gitaa la umeme na ngoma nzito. Miaka ya 1960 ilipokuwa ikimalizika, wanamuziki wa Uingereza walichoka kutoa santuri zenye nyimbo kumi zisizojuana. Wakaanza kutunga albamu yenye mhusika mmoja, aliyezaliwa wimbo wa kwanza, akapatwa na makubwa katikati, na hatima yake ikajulikana wimbo wa mwisho. Watu walizisikiliza nyumbani bila picha yoyote, kila mmoja akichora kisa kichwani mwake. Baada ya miaka michache akatokea mwongozaji wa filamu akasema, hebu tukitie kisa hiki machoni.

Tusichanganye na filamu za Kihindi tulizolelewa nazo Pwani hii. Katika filamu ya Kihindi mtu husema, akaimba, akarudi kusema, na hadithi inaweza kufuatwa hata na anayekwenda kununua karanga wimbo unapoanza. Katika opera ya roki, ukitoka wakati wa wimbo umekikosa kisa chenyewe. Wala tusichanganye na filamu za maisha ya wanamuziki. Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 inamhusu Freddie Mercury, ambaye wengi hawajui kuwa alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa wazazi Waparsi, jina lake Farrokh Bulsara. Hiyo ni filamu juu ya mwimbaji, haikuzaliwa na albamu ya kisa. (Ule wimbo wake wa 1975, ambao filamu imechukua jina lake, una ndani yake neno la Kiarabu ambalo sisi huanzia nalo kila jambo. Ukiusikia kwa mara ya kwanza utageuka utazame redio.)

Ya kutajwa mwanzo ni Tommy. Kundi la The Who lilitoa albamu hiyo mwaka 1969, santuri mbili ndani ya jalada moja, na mtungaji mkuu alikuwa Pete Townshend. Mwaka 1975 Ken Russell akaifanya filamu. Baba anadhaniwa amekufa vitani, anarudi ghafla usiku na kumkuta mkewe na mwanamume mwingine, kisha anauawa mbele ya mwanawe mdogo. Mtoto anaambiwa hakuona, hakusikia, na hatasema. Anatii mno: anakuwa kipofu, kiziwi na bubu kwa mara moja. Baadaye anakuwa bingwa wa mchezo wa mashine, watu wanamfanya kiongozi wa kuabudiwa, kisha wafuasi hao hao wanamgeuka. Roger Daltrey, mwimbaji wa kundi, ndiye Tommy mwenyewe. Tina Turner na Elton John wamo pia, kila mmoja na wimbo wake. Karibu hakuna neno linalosemwa humo bila kuimbwa. Kwangu mimi filamu ina makelele kupita kiasi na picha nyingine ni za kukirihisha, lakini huwezi kuitazama ukasema hukuelewa nani alimfanya nini nani.

Jesus Christ Superstar nayo ilianza kama albamu, mwaka 1970, kwa sababu Andrew Lloyd Webber na Tim Rice hawakupata mtu wa kuwagharamia jukwaani. Filamu ikaja mwaka 1973. Sikuitazama. Kwetu sisi Mitume hawaigizwi, na Nabii Issa ni katika wakubwa wao. Ninaitaja kwa ajili ya mafundisho yake ya biashara tu: wasiokuwa na pesa za jukwaa walirekodi nyimbo kwanza, nyimbo zikatafuta pesa zenyewe.

Iliyonikaa moyoni ni Pink Floyd – The Wall. Albamu ilitoka Novemba 1979, filamu mwaka 1982 ikiongozwa na Alan Parker, na aliyeandika kisa ni Roger Waters wa kundi hilo. Baba yake Waters aliuawa vitani Italia mwaka 1944, yeye akiwa mtoto mchanga, na filamu nzima imejengwa juu ya kaburi hilo. Mwanamuziki aitwaye Pink anajijengea ukuta moyoni. Baba aliyekufa ni tofali. Mama anayembana ni tofali. Mwalimu anayemdhalilisha mbele ya wenzake ni tofali, ndoa iliyovunjika ni tofali, mpaka anabaki ndani peke yake. Mwigizaji wa Pink ni Bob Geldof, yule aliyekuja kuandaa tamasha la Live Aid mwaka 1985 kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Sehemu nyingine hazina watu kabisa, ni michoro ya Gerald Scarfe, nyundo zinazotembea kama askari.

Wimbo wa albamu hiyo unaohusu shule ulifika mpaka Afrika. Mwaka 1980 wanafunzi weusi wa Afrika Kusini waliogoma kwa sababu ya elimu duni waliuimba wakiwa kwenye mgomo, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Kisa cha mtoto mmoja wa Kiingereza kilitosha kubeba hasira za watoto waliokuwa upande mwingine wa dunia. Ndani ya wimbo huo huo kuna jambo jingine. Sauti za watoto zinazosikika ni za wanafunzi 23 wa shule moja ya London, Islington Green. Shule ililipwa pauni 1,000. Watoto hawakulipwa pesa, wakati santuri ikiuzwa kwa mamilioni, na ilibidi wafikie utu uzima ndipo wengine wao waanze kudai haki yao, mwaka 2004. Kisa hiki nitakirudia, kwa kuwa kinatugusa.

Quadrophenia ya The Who, albamu ya 1973 na filamu ya 1979, ina njia yake: wahusika wanasema kama watu wa kawaida na nyimbo zinapita kwa nyuma. Na si kila albamu inafaa. Mwaka 1978 walichukua nyimbo za Beatles, nyingi zikiwa za albamu yao maarufu ya Sgt. Pepper ya 1967, wakawaweka Bee Gees wacheze. Nyimbo ni tamu, lakini hazikutungwa kuwa kisa, na hadithi iliyobandikwa juu yake ikawa kama kanzu ya kuazima. Filamu ilichekwa.

Hayo ni ya ng'ambo. Sasa nije karibu na kwetu, maana iko filamu ya namna hii iliyopigwa hapa hapa Afrika Mashariki na ambayo ndani yake Kiswahili kinasikika. Inaitwa Neptune Frost.

Saul Williams ni mshairi na mwanamuziki wa Marekani. Januari 2016 alitoa albamu iitwayo MartyrLoserKing, ambayo kisa chake ni cha kijana wa Burundi anayeingilia mitambo ya kompyuta ya wakubwa wa dunia. Jina hilo ukilitamka haraka utasikia Martin Luther King aliyepindwa ulimi. Filamu iliongozwa na Williams pamoja na mkewe, Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, ambaye ndiye pia aliyeshika kamera. Mwaka 2018 walichangisha sehemu ya fedha mtandaoni kwa watu wa kawaida. Kisa ni cha Burundi, lakini filamu ilipigwa Rwanda, na mwaka 2021 ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Lugha zake ni Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na watu wanazipokezana kama tunavyofanya sisi sokoni.

Inaanza kwenye machimbo ya koltani. Kijana mchimbaji aitwaye Tekno anasimama kidogo, ameshika jiwe mkononi akilitazama, na mlinzi anamuua kwa kuwa amesimama. Hakuna anayehutubia. Ngoma zinaanza kugongwa pale pale machimboni, wenzake wanaimba huku kazi ikiendelea, na wewe mtazamaji unajua kila unachotakiwa kujua. Kaka yake, Matalusa, anaondoka. Anakutana na wengine waliokimbia, na katika kijiji kilichojengwa kwa taka za kompyuta wanaanza kuitikisa dunia iliyokula madini yao. Mavazi, kazi ya Mnyarwanda Cedric Mizero, yameshonwa kwa nyaya na vipande vya mashine mbovu. Koltani ndiyo inayotoa tantali, madini yanayotumika kwenye vifaa vidogo vya ndani ya simu. Kwa hiyo mtu anayeitazama filamu hiyo kwenye simu ameishika hadithi yenyewe kiganjani.

Nisifiche. Mna mambo humo nisiyokubaliana nayo, na si ya kuwekea watoto. Mhusika Neptune ni khuntha, na anaigizwa na watu wawili, mwanamume na mwanamke. Wapo watakaozima hapo hapo. Mimi nawakumbusha kuwa vitabu vyetu vya fiqhi havikukimbia neno hilo. Vina mlango wa khuntha katika mirathi, kwa sababu watu hao wamekuwako siku zote na haki yao ilihitaji kupimwa. Mtu anaweza kuwa na lake kuhusu namna filamu inavyolitumia jambo hilo. Pia kisa kinazungukazunguka mno katikati, na kuna nyimbo mbili tatu ambazo maneno yake ni mafumbo juu ya mafumbo. Lakini ile sehemu ya kwanza ya machimboni, wallahi, sijaona filamu ya kanda hii iliyosema mengi kiasi hicho kwa ngoma na sauti za watu.

Na si mambo ya Burundi peke yake. Januari 2024 waziri wa madini wa wakati huo, Salim Mvurya, alitangaza kuwa koltani imepatikana katika kaunti kadhaa za Kenya. Hapa Kilifi madini yetu ya siku nyingi ni chumvi, na walioishi Gongoni na Marereni wanajua mashamba ya chumvi yamegusa ardhi ya nani. Mwaka 2005 tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuja Malindi ikakaa kitako kusikiliza malalamiko ya wananchi kuhusu viwanda hivyo, na ripoti ikatoka. Ripoti ziko kabatini. Nyimbo ziko wapi?

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Sisi si wageni wa kuimba kisa kirefu. Utenzi ni nini kama si hicho? Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 una zaidi ya beti elfu moja, na tenzi hazikutungwa zisomwe kimya kama gazeti, zilitungwa zitiwe sauti mbele ya watu. (Maulidi na Hamziyya siziweki katika hesabu hii. Hizo ni ibada na mapenzi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na hazifananishwi na michezo.)

Chukua kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utendi mwaka 1913. Kijumwa mwenyewe alikuwa mchongaji, mwandishi wa hati nzuri na mpigaji kinanda. Liyongo yumo gerezani, amefungwa minyororo. Anatunga wimbo na kumwimbia mjakazi Saada aupeleke kwa mama yake, na ndani ya wimbo mmefichwa maagizo: oka mkate wa wishwa, utie tupa ndani. Walinzi wanakula mikate mizuri njiani na kumwachia mfungwa wa wishwa. Kisha anawatungia watu wimbo wa gungu, anawafundisha kupiga na kuitikia, na ngoma inaponguruma anakata minyororo bila mlio wa tupa kusikika. Akatoka.

Hebu litazame jambo hilo kwa jicho la mtengenezaji filamu. Nyimbo mbili ndizo zinazomtoa mtu gerezani. Ukiziondoa, Liyongo anabaki amefungwa. Townshend na Waters wangetoa pesa nyingi kupata kisa chenye nyimbo zinazofanya kazi namna hiyo. Na mwisho wake ni mzito kuliko wa Tommy: mwanawe mwenyewe anamchoma sindano ya shaba kitovuni, naye anakufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wa mji wakikaa na kiu kwa kuogopa kumsogelea, hawajui kuwa amekwisha kufa. Kaburi lake, kwa simulizi za wazee, liko Ozi, karibu na Kipini, si mbali sana ukitoka Malindi kuelekea kaskazini.

Mwaka ule ule wa 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka Giriama akiwaapisha watu wasiupe ukoloni wa Kiingereza kodi wala vijana wa kazi. Aliwakusanya kwa ngoma. Kifudu, ngoma ya wanawake ya matangani, ndiyo iliyovuta watu wamsikilize. Oktoba alikamatwa na kupelekwa Kisii. Januari 1914 akatoroka pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakarudi Pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Kisa hiki nacho kilikuja na muziki wake.

Sisi Waswahili wa mjini, tukiimba kisa hicho, tutapita pagumu. Simulizi za Wagiriama zasema nduguye Mekatilili, Mwarandu, alichukuliwa na wafanyabiashara wa utumwa. Mashua zile zilitia nanga kwenye miji yetu. Atakayetunga albamu ya Mekatilili akauruka wimbo wa Mwarandu ili tusione haya atakuwa ametunga tangazo la utalii. Natamani wimbo huo uimbwe na mtu wa mjini, katika Kiswahili cha mjini, na mjomba wa Kigiriama auitikie kwa lugha yake.

Sasa la wale watoto wa Islington Green. Nyimbo za kifudu na za kaya zina wenyewe. Mara ngapi tumeona mtu anakuja na kinasa sauti, akina mama wanaimba mchana kutwa chini ya mwembe, wanapewa soda na leso, na sauti zao zinasikika baadaye kwenye kazi isiyotaja hata jina la kijiji? Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inataka jamii iridhie kabla ya kutumiwa vitu vyake. Nyimbo mpya nazo zinaweza kusajiliwa kwa bodi ya hakimiliki. Kamera ikifika, kuna bodi ya filamu ya kutoa leseni, Makumbusho ya Taifa ikiwa unataka kupiga picha magofu ya Gede, na wazee wa kaya ikiwa unakaribia misitu ile iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008. Mikataba iandikwe kabla ya wimbo wa kwanza kurekodiwa. Baada ya mafanikio hakuna anayekumbuka nani aliitikia.

Najua wapo watakaoniambia muziki wenyewe una maneno, achilia mbali filamu. Hitilafu hiyo ya wanavyuoni ni ya zamani na sitaimaliza mimi hapa. Lakini utenzi hauhitaji gitaa. Sauti tupu na dufu zinatosha kubeba Liyongo mzima, na kwa masikio yangu ingekuwa kali kuliko roki.

Gharama nazo zisitishe mapema. Kijana mwenye simu na rafiki mwenye chumba cha kurekodi aanze na nyimbo tatu: Liyongo akifungwa, Liyongo na Saada, na gungu la usiku ule. Asipige video. Amwite bibi yake asikilize akiwa amefumba macho, kisha amuulize mkate ulikuwa wa nini. Bibi akijibu sawasawa, ndipo atafutwe mwenye kamera.